Haile Selassie Hakujitangaza Mungu, na Mengine Ninayosahihisha Kila Safari

Tulivua viatu mlangoni pa Kanisa la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa, tukaingia kimya kimya hadi kwenye makaburi mawili ya matale, la Haile Selassie, aliyekuwa mfalme wa Ethiopia, na la mkewe Menen, yaliyochongwa kwa mtindo wa Aksum. Macho hayajazoea giza, kijana mmoja katika msafara wangu, mwenye fulana ya kijani, njano na nyekundu, akaninong'oneza: "Mzee, si ndiye huyu aliyejitangaza Mungu?"

Swali hili nimeulizwa na walimu, na madereva, hata na padri mmoja. Nimechoka kulijibu kwa minong'ono kanisani. Safari ijayo nitawapa abiria karatasi hii wasome ndani ya basi.

Hakujitangaza. Mtoto aliyezaliwa Ejersa Goro, karibu na Harar, tarehe 23 Julai 1892 aliitwa Tafari, baba yake Makonnen. "Ras" ni cheo cha wakuu, maana yake kichwa, kwa hiyo Ras Tafari ni kama kusema Jemadari Tafari. Siku ya kutawazwa, 2 Novemba 1930, alitumia jina lake la ubatizo, Haile Selassie, yaani Nguvu ya Utatu. Jina hilo analo Mkristo anayeuungama Utatu. Ajabu ni kwamba watu husikia maana yake halafu huitumia kuthibitisha kinyume chake.

Imani ya Marasta, kwamba yeye ni Mungu, ilizaliwa Jamaika, kwa wajukuu wa watu waliopelekwa huko utumwani. Habari za kutawazwa zilipowafikia, wahubiri kama Leonard Howell walifungua Biblia wakakuta humo Simba wa Yuda na Mfalme wa Wafalme, wakaona unabii umetimia. Vyeo hivyo mfalme Menelik wa Pili alikuwa navyo kabla yake, na hakuna aliyemsujudia Menelik.

Hapo mbishi wa basi hupandisha sauti: "Mbona aliwapa Marasta ardhi Shashemene?" Dawa yangu ni moja, nayo ni kuuliza mwaka. Ardhi ile ya kusini mwa Ethiopia, hekta kama 200, ilitolewa 1948 kwa watu weusi wa Magharibi walioisaidia Ethiopia ilipovamiwa na Italia. Ilikuwa shukrani ya vita. "Basi alifuata nini Jamaika?" Ziara ya kiserikali, 21 Aprili 1966. Umati ulivamia uwanja wa ndege wa Kingston hadi kwenye mabawa ya ndege, mgeni akakaa ndani mpaka mzee wa Kirasta, Mortimer Planno, alipopanda ngazi kuwasihi watu wapishe njia. Mwaka uliofuata, Haile Selassie alipohojiwa na shirika la utangazaji la Canada, alisema aliwaambia Marasta aliokutana nao kwamba yeye ni binadamu, atakufa, na nafasi yake itashikwa na kizazi kijacho, hivyo wasidanganyike.

Kwangu mimi, hata hivyo, ushahidi mzito kuliko mahojiano ni kasisi. Mwaka 1970 alipelekwa Jamaika Laike Mandefro, ambaye baadaye alikuwa askofu, Abuna Yesehaq, kwenda kujenga Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huko. Kazi yake ilikuwa kubatiza, na Marasta wengi walibatizwa. Bob Marley mwenyewe alibatizwa naye 1980. Sasa niambieni, mungu gani anaridhia waumini wake wapelekewe padri wa kuwabatiza kwa jina la Utatu?

Simzuii mtu imani yake. Marasta niliokaa nao wanaijua historia hii kuliko abiria wangu wengi, nao husema wazi kwamba kukana kwake hakuwabadilishi. Hayo ni yao. Ninachokataa ni kumlisha marehemu maneno.

Mengine ni ya kujibu huku gari linatembea.

Eti aliwapiga Waitaliano Adwa. Mwaka gani? 1896. Tafari alikuwa hajatimiza miaka minne. Aliyekuwa vitani ni baba yake, chini ya Menelik. Waitaliano wa Tafari ni wale wa 1935, na hao walimshinda. Mei 1936 aliondoka nchini, 30 Juni akahutubia Shirikisho la Mataifa kule Geneva, kisha akaishi uhamishoni Bath, Uingereza. Alirudi Addis Ababa 5 Mei 1941, mji ukiwa umeshakombolewa na majeshi ya Waingereza, na ndani ya majeshi hayo walikuwemo askari wa keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapa basi zima hunyamaza. Watu wamepita Barabara ya Haile Selassie maisha yao yote, hawajui kwamba huenda babu zao walipigana kumrudisha huyu mtu kwake.

Eti njaa ya 1984 ni yake. Alikuwa amekufa miaka tisa. Njaa yake ni ile ya Wollo, 1973, na hapo simtetei hata kidogo, maana serikali yake iliificha mpaka televisheni ya Uingereza ilipoianika. Simtetei kwa Eritrea vilevile, aliyoimeza 1962 na kuacha vita vya miaka thelathini.

Eti ukoo wake umetawala mfululizo miaka 3,000 tangu Suleimani na Malkia wa Sheba. Katiba ya 1955 iliandika nasaba hiyo. Wanahistoria huanza kuhesabu 1270, kwa mfalme Yekuno Amlak.

Eti aliugua akafa. Wanajeshi wa Derg walimwondoa 12 Septemba 1974, wakamtoa ikulu kwa Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo kama kobe, mtu aliyezoea Rolls-Royce. Alikufa 27 Agosti 1975, na Derg wakatangaza kwamba ni matatizo baada ya upasuaji wa tezi dume. Derg walipoanguka, mifupa yake ilifukuliwa 1992 chini ya sakafu katika eneo la ikulu, na katika kesi ya viongozi wao upande wa mashtaka ulisema alizibwa pumzi.

Ilibidi mifupa isubiri hadi 5 Novemba 2000 kuletwa hapa tulipovulia viatu. Rita Marley, mjane wa Bob, alihudhuria. Marasta wengi walikataa kuja, wakisema mifupa ile si yake.