Jengo Lililotelekezwa: Halmashauri Inavyomfikia Mmiliki

Wanaoishi jirani na jengo lililotelekezwa huuliza swali moja: kwa nini halmashauri hailibomoi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa jirani ndiye anayeona ukuta ukilowa upande wake na ndiye anayewakataza watoto wasicheze karibu na hapo. Hata hivyo, gofu lina mwenyewe hata kama hajaonekana kwa miaka mingi, na sheria inayomlinda jirani dhidi ya hatari ndiyo hiyohiyo inayomlinda mmiliki asinyang'anywe mali bila kusikilizwa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya halmashauri ni kumtafuta mtu, kumfikishia notisi na kumpa nafasi ya kujibu kabla tofali lolote halijaguswa.

Uharibifu wenyewe huenda kwa hatua, na kwa kawaida huanzia juu. Mfereji wa paa huziba kwa majani, maji hufurika na kuingia kwenye kichwa cha ukuta, ncha za kenchi zilizoegemea hapo huoza, paa hubonyea, na kuanzia hapo kila mvua inaingia ndani moja kwa moja. Mwanzoni dawa yake ni ngazi na mtu wa kusafisha mfereji, ilhali mwishoni ni mhandisi, uzio na pengine kubomoa. Ndiyo maana mkaguzi hutazama paa kabla ya madirisha, ingawa malalamiko mengi yanayoletwa ofisini huhusu madirisha yaliyovunjika. Kisha huangalia kama nyufa zinapanuka, kama ukuta umeinamia njia ya watu, na kama kuna dalili za watu kulala ndani, kwa sababu moto wa kupikia au wa kujipasha joto ndani ya jengo tupu huweza kuunguza na nyumba za jirani.

Ukaguzi huo ndio unaoamua njia ya kisheria, maana jengo la hatari na jengo chakavu hayashughulikiwi kwa namna moja. Nchini Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Majengo ya mwaka 1984 huiruhusu halmashauri kuchukua hatua za dharura pale hatari inapokuwa ya sasa hivi, kisha ikamdai mmiliki gharama. Jengo linaloharibu tu mandhari ya mtaa huangukia kifungu cha 215 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990. Notisi yake haianzi kutumika kabla ya siku 28 kupita, na mmiliki anaweza kukata rufaa mahakamani. Akiipuuza anatenda kosa, na halmashauri inaweza kuingia, kufanya kazi iliyotajwa na kumdai fedha zake.

Nguvu ya notisi imo katika maneno yake. Ikisema tu "karabati jengo lako", wakili atauliza ni karabati ipi, na shauri litachukua miezi mingi. Notisi iliyoandikwa vizuri hutaja kila kazi na muda wake: kuondoa bati lililolegea upande wa barabara, kuziba mlango wa nyuma, kukata mimea iliyoota ukutani, kurudisha mfereji na bomba la kuteremshia maji. Hapo mmiliki anajua anachodaiwa, na hakimu naye anaweza kukipima.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kujua notisi hiyo apewe nani. Mara nyingi hati inasoma jina la marehemu, warithi wametawanyika na mirathi haijafunguliwa, na wakati mwingine kampuni iliyonunua jengo imekwisha kufutwa. Japani, ambako nyumba tupu zilifikia takriban milioni 9 katika utafiti wa kitaifa wa makazi wa mwaka 2023, tatizo hili limekabiliwa waziwazi. Sheria ya nyumba tupu iliyotungwa mwaka 2014 ilizipa halmashauri ruhusa ya kutumia kumbukumbu za kodi ya majengo kumtambua mmiliki, na tangu Aprili 2024 mrithi anatakiwa kusajili ardhi au nyumba aliyorithi ndani ya miaka mitatu tangu ajue kuwa ameirithi, la sivyo anaweza kutozwa faini. Kwa maoni yangu, usajili wa urithi huokoa majengo mengi kuliko tingatinga, kwa sababu unamnasa mtu angali anapatikana.

Kodi nayo inaweza kuharibu au kuponya. Huko huko Japani, kiwanja kidogo chenye nyumba ya makazi hukadiriwa kodi kwa moja ya sita tu ya thamani yake, hivyo aliyebomoa gofu lake alijikuta akitozwa zaidi ya yule aliyeliacha liporomoke. Baada ya sheria hiyo ya 2014, kanuni za kodi zilirekebishwa ili nafuu hiyo iondolewe kwa mmiliki aliyepewa pendekezo rasmi na asilitekeleze. Ayalandi ilichukua njia nyingine: chini ya Sheria ya Maeneo Yaliyotelekezwa ya mwaka 1990, halmashauri huweka daftari la majengo hayo na kutoza asilimia 7 ya thamani ya soko kila mwaka. Kiwango hicho ni kikali, lakini halmashauri nyingi huko zimeshindwa kukusanya sehemu kubwa ya fedha hizo, na mmiliki akishaona kwamba ankara haifuatiliwi hana sababu ya kuhangaika.

Utwaaji wa lazima, yaani halmashauri kulichukua jengo kwa nguvu ya sheria na kumlipa mmiliki fidia, hubaki hatua ya mwisho. Halmashauri ya Limerick nchini Ayalandi inajulikana kwa kuutumia mara nyingi, kisha kuyauza majengo kwa watu wanaoyatengeneza. Pasipo mpango wa aina hiyo, fidia italipwa na gofu litabaki lilivyokuwa, tofauti ikiwa tu kwamba sasa ni la umma.

Ikumbukwe kwamba wamiliki wengi hawafanyi ukaidi. Wengine ni wazee wasio na uwezo wa kulipa fundi, wengine ni ndugu wasioelewana kuhusu urithi. Barua ya kwanza ya halmashauri kwa kawaida si mashtaka, na anayejibu kwa kueleza hali yake, akaonyesha makadirio ya fundi na kuomba muda, huupata mara nyingi. Hata mwenye hisa moja tu katika nyumba ya urithi ajibu, kwa sababu gharama ambazo halmashauri imetumia huweza kuwekwa kama deni juu ya jengo lenyewe na kukatwa siku litakapouzwa.

Kwa upande wa jirani, taarifa yenye manufaa ni ile inayotaja mahali hasa, tarehe na kinachobadilika. Picha mbili za ufa uleule zilizopigwa kwa miezi tofauti, zikiwa na kitu cha kupimia kando yake, humsaidia mhandisi kuliko barua ndefu ya hasira. Asiingie ndani kuzipiga, kwa kuwa sakafu ya mbao iliyolowa huonekana nzima hadi inapokanyagwa, na kuingia bila ruhusa kunaweza kumtia yeye hatiani. Aombe namba ya jalada siku anayotoa taarifa, na aitaje kila anapofuatilia.