Je, wajua kwa nini chumvi ileile humpandisha bibi presha na kumwacha mjukuu?

Tuseme papa wa chumvi kutoka Feri amepikwa kwa nazi, na nyumba nzima ya Mbagala imekula sinia moja. Bibi mwenye miaka 70 akipimwa anasomewa 170 kwa 80, ilhali mjukuu wake wa miaka 20 ana 115 kwa 75. Mpishi ni mmoja. Kilichotofautiana ni homoni zinazoamua chumvi ibaki mwilini au itoke.

Kazi hiyo huanzia kwenye figo, zinazotoa renini, iliyogunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman walipokuwa wakichunguza figo za sungura huko Stockholm. Renini huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuzichochea tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia, zitoe aldosteroni. Huyu wa mwisho ndiye bahili wa chumvi: huizuia isipotee kwa mkojo, na chumvi ikibaki, maji nayo hubaki.

Kijana akila papa, renini yake hushuka, aldosteroni hufuata, na figo huiachia chumvi ya ziada itoke. Kwa mzee, renini imekwishapungua kwa umri, kwa hiyo haina tena pa kushukia. Aldosteroni yake haipungui ipasavyo chumvi inapozidi, na figo zenyewe zimepoteza sehemu ya vichujio vyake. Chumvi hukawia, damu huongezeka ujazo, nayo inasukumwa ndani ya ateri zilizokakamaa, ambazo hazitanuki moyo unapopiga. Ndiyo sababu namba ya juu hupaa huku ya chini ikitulia, na wengi hujifariji, kimakosa, kwamba "ya chini iko sawa".

Hali hiyo hugusa hata uchaguzi wa dawa. Losatani, mojawapo ya dawa za presha, hufanya kazi kwa kuizuia anjiotensini, hivyo mahali ambapo renini ni kidogo, mara nyingi haitoshi peke yake. Daktari huweza kuanza na amlodipini, inayolegeza mishipa ya damu, au dawa ya kukojoza, isipokuwa ugonjwa wa figo au kisukari ukimlazimu kupanga vingine. Kijana anayemgawia mama yake vidonge vyake vya losatani, kwa kuwa "wote tuna presha", huenda anampa dawa ya kuzima moto ambao kwa mama haukuwaka mahali hapo.