Je, wajua kwamba "kamusi" ni bahari?

Ukiwa gatini Kilwa Masoko, mkoani Lindi, unangoja chombo cha kukuvusha Kisiwani, maji yaliyo mbele yako Mwarabu wa kale angeweza kuyaita qamus: bahari, hasa pale penye kina. Mzizi wake una maana ya kuzama, kupiga mbizi. Ikawaje basi bahari ikageuka kitabu cha maneno?

Ni kazi ya mtu mmoja, Al-Firuzabadi. Alizaliwa mwaka 1329 huko Karzin, upande wa Shiraz, Uajemi (Iran ya leo), kule kule masimulizi ya Kilwa yanakosema walitoka masultani wake wa kwanza. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, Al-Firuzabadi alikuwa bado mtoto mdogo. Alipokua akazunguka Baghdad, Damascus, Cairo, Makka hadi India, mwisho akawa kadhi mkuu wa Yemeni. Alifia Zabid mwaka 1415.

Alikusudia kutunga kamusi kubwa mno, aliyoikadiria kufika juzuu 60. Nani angeibeba? Akaikamua, kila juzuu 30 zikawa moja. Namna alivyoikamua ndiyo inayonivutia kuliko yote. Badala ya kuandika "mji" aliweka herufi dal tu. Ain ni "mahali". Jim ni "wingi". Na mim ni "kinajulikana", yaani hakuna haja ya kueleza. Zile nm na kt unazoziona katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, za nomino na kitenzi, ni ufundi wa aina hiyo hiyo. Maneno aliyapanga kwa herufi ya mwisho ya mzizi, kama watangulizi wake. Mshairi aliyekwama akitafuta vina vya beti aliyakuta yamekaa pamoja!

Kitabu akakiita Al-Qamus al-Muhit, bahari izungukayo. Kilinakiliwa na kusomwa sana hata jina likafupishwa, kisha kila kitabu cha maneno, hata kilichotungwa na mwingine, kikaitwa qamus. Wamalei hadi leo husema kamus. Sisi tukaongeza i mwishoni, kama ulimi wetu upendavyo.

Maana ya maji haikuvuka pamoja na neno. Pwani hii ilikuwa imekwisha kupokea "bahari", nalo la Kiarabu, na pale penye kina kirefu mvuvi wa Kilwa ana neno lake la zamani: kilindi.