Je, wajua kwa nini ulimwengu wa mchezo wa zamani ukifufuliwa, wapenzi wake wa kale hawafurahii kila mara?

Ichukue ramani ya mwaka 1980 ya Greyhawk, ulimwengu wa kubuni wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, iliyochorwa na msanii aitwaye Darlene. Imegawanywa katika vijumba vya pembe sita, na kila kijumba ni sawa na maili 30. Kuna misitu, mito na falme zenye majina ya kuuma ulimi, na katikati yake maeneo mapana yasiyoelezwa kabisa. Kitabu kilichoandamana nayo kilikuwa na kurasa 32 tu. Katika kurasa hizo Gary Gygax, aliyebuni Dungeons & Dragons mwaka 1974 pamoja na Dave Arneson, alilazimika kueleza upande mzima wa bara. Nchi nyingine zilipata aya moja na kuachwa hapo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache huketi mezani, mmoja akiwa msimamizi anayesimulia kinachotokea, wengine kila mmoja akivaa uhusika wake, awe mchawi, mwizi au shujaa wa upanga. Ukitaka kuruka shimo unarusha dadu ya pande 20, nayo ndiyo inayosema kama umefika ng'ambo au umetumbukia. Ulimwengu kama Greyhawk ni jukwaa tu. Hadithi huzaliwa pale mezani.

Mwaka 2024, mchezo ulipotimiza miaka 50, wachapishaji waliirudisha Greyhawk ndani ya kitabu kipya cha msimamizi, ikiwa na ramani mpya. Wajanja wale wakarudisha na kalenda. Mambo yanaanzia mwaka 576 kwa hesabu ya ulimwengu huo, mwaka uleule uliotumika katika sanduku la vitabu vya Greyhawk la 1983. Vita vikubwa vilivyoongezwa miaka ya 1990, vilivyogeuza mipaka na kuangusha watawala, bado havijatokea.

Kwa nini wajisumbue na tarehe ya kubuni? Kwa sababu mwaka 2008 walijifunza kwa uchungu. Wakati huo walikuwa wakichapa upya Forgotten Realms, ulimwengu wa Ed Greenwood uliotolewa mwaka 1987, wakaamua kuusogeza mbele karibu karne moja. Balaa la kichawi likapita, miungu ikafa, nchi zikamezwa. Msimamizi aliyekaa miaka 20 akimjua kila mwenye duka katika mji fulani akafungua kitabu akakuta wote wamekuwa marehemu, si kwa upanga wa mtu bali kwa uzee. Malalamiko yalikuwa makubwa, na toleo la 2014 likalazimika kurudisha mengi yaliyokuwa yamefutwa.

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Neno la kitaalamu la hamu ya mambo ya zamani, nostalgia, liliundwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer, aliyekuwa akieleza maradhi ya watu walio mbali na kwao. Siku hizi si maradhi tena, ila wanasaikolojia wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30 hivi ya maisha yao. Mtu aliyecheza Greyhawk akiwa na miaka 14 ameihifadhi pamoja na marafiki wa umri ule, kicheko cha usiku ule, dadu iliyobingirika hadi chini ya kabati. Anaposema ameukosa ulimwengu ule, nadhani anachokikosa hasa ni meza. Hakuna kampuni inayoweza kuchapa meza.

Inachoweza ni kutoiharibu. Zile nafasi tupu kwenye ramani ya 1980 zilijazwa kwa penseli na maelfu ya watu, kila mmoja kwa namna yake. Ukija na historia mpya rasmi, umefuta penseli zao. Ukirudi mwaka 576 na kuacha nafasi zibaki tupu, kila mmoja bado yuko sahihi.

Kuacha nafasi na kutoa kitu pungufu ni mambo mawili tofauti, lakini. Spelljammer ya 1989, yenye merikebu zinazosafiri angani kati ya dunia na dunia, ilirudi mwaka 2022 kwa vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja. Wapenzi wake wakauliza ziko wapi kanuni za vita vya merikebu, maana zilizokuwemo zilikuwa kiduchu. Isitoshe, maelezo ya jamii moja ya viumbe wanaofanana na nyani, waliowahi kuwa watumwa, yaliwaudhi wasomaji hata wachapishaji wakaomba radhi na kuyaondoa. Dark Sun ya 1991, jangwa lililoteketezwa na uchawi ambako utumwa uko kila kona, ni mtihani mgumu zaidi: ukiulainisha, mashabiki wa zamani watasema si wenyewe; ukiuacha ulivyo, wageni watashtuka.

Halafu kuna suala la hesabu. Mpenzi wa kale tayari ana kitabu cha zamani rafuni, au anaweza kununua nakala yake ya kidijitali iliyo halali. Hana shida ya kufufuliwa chochote. Tena wapenzi hao wamegawanyika: miaka ya 1990 kampuni ya TSR, iliyouchapa mchezo huu wakati huo, ilitoa ulimwengu juu ya ulimwengu, na aliyenunua vitabu vya mmoja mara nyingi hakuhitaji vya mwingine. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoidhoofisha hadi ikanunuliwa na Wizards of the Coast, wachapishaji wa sasa, mwaka 1997. Kuitegemea hamu ya watu hao peke yake ni biashara finyu.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni wa Ravenloft, mkasa wa ngome ya mnyonya damu Strahd uliotungwa na Tracy na Laura Hickman mwaka 1983. Uliporudi mwaka 2016 kwa jina la Curse of Strahd, wawili hao waliitwa kutoa ushauri, na kitu kimoja hakikuguswa. Kabla ya kupanda ngomeni, wachezaji hupigiwa ramli kwa karata, na karata hizo ndizo zinazoamua upanga wa kumwulia umefichwa wapi na mwenyewe atakuwa akiwangoja chumba gani. Babu aliyeucheza mara tano na mjukuu anayeugusa kwa mara ya kwanza wanainama juu ya karata zilezile, na hakuna kati yao anayejua zitafunua nini.