Nani anaipenda Marekani, nani anaijali dunia? Dhana potofu kuhusu waliberali na wahafidhina

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Australia, Liberal Party ni chama cha wahafidhina. Ujerumani, waliberali wa chama cha FDP ni watetezi wa soko huria na kodi ndogo. Yanayofuata ni ya Marekani, ambako siku hizi waliberali wengi wako chama cha Democratic na wahafidhina wengi wako chama cha Republican.

Dhana: "Utafiti umethibitisha kuwa mliberali anajali mawe kuliko mama yake"

Chanzo ni mchoro mmoja wa rangi wa mwaka 2019 ambao mitandaoni haufi. Unaonyesha watu hujali nani na nini, kwa miduara 16, mmoja ndani ya mwingine. Wa kwanza ni familia ya nyumbani, wa 7 watu wote wa nchi yako, wa 9 binadamu wote, wa 10 mamalia wote, wa 15 unafika mpaka kwenye mawe, na wa 16 ni kila kilichopo. Rangi kali, yaani pale walipochagua wengi, kwa wahafidhina imekaa karibu na kitovu, kwa waliberali imesogea nje. Ukiutazama juujuu unaona watu waliotelekeza nyumba wakahamia porini.

Tatizo ni kwamba mchoro husambazwa bila maelekezo waliyopewa waliojibu. Adam Waytz na wenzake, waliochapisha kazi hiyo katika jarida la Nature Communications, waliwaambia watu wabofye mduara ambao ndio mpaka wao wa kujali, na kwamba kila namba inabeba zilizo chini yake. Ukichagua 10, basi 1 hadi 9 zimo. Kwa hiyo aliyebofya 15 hakumwacha mama. Amesema mama, jirani, mgeni wa bara jingine, tembo na mwamba wote wamo ndani ya ua wake. Unaweza kumcheka kwa huo mwamba, lakini huwezi kumsingizia kuwa amemwacha mama.

Zoezi la kubishania ni jingine, la utafiti uleule. Humo watu waligawa pointi 100 katika miduara hiyohiyo, safari hii bila kuingiliana: ulichompa binamu hakihesabiwi kwa mwanao. Wahafidhina waliweka sehemu kubwa zaidi kwa binadamu, waliberali wakapeleka sehemu kubwa zaidi kwa viumbe na vitu vingine. Tofauti ipo, basi. Ila ni tofauti ya mgawanyo. Kila mtu alianza na pointi zilezile 100, kwa hiyo zoezi hilo haliwezi kukuambia nani ana moyo mkubwa kuliko mwenzake.

Dhana: "Mhafidhina hana habari na dunia ya nje"

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ndiyo rahisi kuipima. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo za PEPFAR, mpango wa UKIMWI uliotangazwa na George W. Bush wa Republican tarehe 28 Januari 2003: dola bilioni 15 kwa miaka 5. Serikali ya Marekani inakadiria kuwa umeokoa maisha ya watu milioni 25.

Msukumo ulitoka pande zote mbili. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, mhafidhina aliyepinga misaada ya nje kwa miongo, mwaka 2002 aliomba dola milioni 500 za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Barbara Lee, mliberali wa California, alikuwa akipigania bungeni vita dhidi ya UKIMWI Afrika. Sheria ya 2008 iliyoongeza mpango hadi dola bilioni 48, pamoja na kifua kikuu na malaria, ina majina ya wabunge wawili: Tom Lantos wa Democratic na Henry Hyde wa Republican.

Tanzania ina mfano wake unaovuruga kabisa hesabu za vyama. Februari 2008 Bush alikuja Dar es Salaam kusaini mkataba wa MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, wa dola milioni 698. Awamu ya pili ilisitishwa Machi 2016, Obama akiwa madarakani, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao.

Halafu ikaja amri ya Trump ya 20 Januari 2025 iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na shirika la misaada la USAID likafungwa rasmi 1 Julai. Mwezi huohuo maseneta wa Republican waliondoa PEPFAR, dola milioni 400, kwenye orodha ya fedha za kufyekwa. Chini ya paa moja la uhafidhina wanaishi wa kanisa la misheni na wa "Marekani kwanza", na hawasikilizani.

Dhana: "Misaada ya nje inakula robo ya bajeti"

Katika kura za maoni za KFF, taasisi ya Marekani ya utafiti wa sera za afya, wastani wa makisio ya Wamarekani huzungukia hapo. Hali halisi ni takriban 1%. Anayetaka ishushwe hadi 5% anaomba iongezwe mara 5 bila kujua.

Dhana: "Waliberali wanaichukia nchi yao"

Kampuni ya kura za maoni ya Gallup huuliza watu wanajivunia kiasi gani kuwa Wamarekani. Juni 2025, waliosema wanajivunia sana au kupita kiasi walikuwa 92% ya Warepublikan na 36% ya Wademokrat. Mwaka mmoja nyuma Wademokrat walikuwa 62%. Nchi ni ileile, aliyebadilika ni mkazi wa Ikulu. Tuseme haki pia: Warepublikan hawakuporomoka namna hiyo enzi za Biden. Inaelekea mmoja husikia swali la bendera, mwingine akasikia swali la hali ya nchi.

Dhana: "Mazingira ni mali ya waliberali"

Shirika la serikali la mazingira, EPA, lilianzishwa 1970 na Richard Nixon, Republican. Sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka aliisaini 1973. Seneti ilikuwa imeipitisha kwa kura 92 kwa 0. Na tangu sheria ya 1937, kila bunduki ya kuwindia na kila risasi hutozwa ushuru wa 11% unaokwenda kutunza wanyamapori, kwa hiyo mwindaji anayepigia Republican huchangia hifadhi kila anapojaza begi la risasi.

Dhana: "Wahafidhina hutoa sadaka zaidi, ramani za majimbo zinaonyesha"

Michele Margolis na Michael Sances, katika utafiti wa 2017, walikuta ukilinganisha watu wenye kipato na udini unaofanana, pengo la kisiasa halionekani. Kinachotofautiana ni kapu: wahafidhina kanisani, waliberali kwenye mashirika yasiyo ya dini. Ramani zenyewe hutegemea fomu za kodi za wanaoorodhesha michango yao, na tangu 2018 takriban Wamarekani 9 kati ya 10 hawaorodheshi. Jimbo la Utah hung'ara kwa sababu Wamormoni, waumini wa kanisa lenye nguvu huko, hutoa zaka ya 10%. Kama zaka ya kuezeka kanisa lako mwenyewe ihesabiwe sawa na ya kumlisha mgeni, ramani haisemi.