Mkojo wa Gargantua si mapinduzi

Jana nimesahihisha tena insha ile ile. Jina la mwanafunzi hubadilika, lakini aya ya tatu ni moja kila mwaka: kanivali ndiyo siku maskini wa Ulaya walipompindua tajiri kwa kicheko, na Rabelais, mwandishi Mfaransa wa karne ya kumi na sita, ndiye msemaji wao. Nikaweka kalamu chini, nikachemsha chai. Naandika haya ili mwakani nitume kiungo tu.

Tuanze na mkojo, maana ndio kila mtu anaoukumbuka. Katika *Gargantua*, kitabu cha Rabelais cha miaka ya 1530, kijana jitu mwenye jina hilo anafika Paris. Watu wanamfuata wakimkodolea macho mpaka anakosa pa kupumzikia. Anakimbilia minara ya Notre-Dame, anafungua suruali, anawakojolea. Wanazama watu 260,418, bila kuhesabu wanawake na watoto wadogo.

Darasa hucheka hapo, na mkojo kweli unachekesha. Lakini rudieni mkia wa ile hesabu. Mmeusikia wapi? Kanisani! Ndivyo inavyoishia habari ya mikate mitano na samaki wawili: wanaume elfu tano, bila wanawake na watoto. Injili inahesabu walioshiba, Rabelais anahesabu waliozama, tena hadi yule wa kumi na nane, kama karani wa ushuru. Mzaha umelala hapo, na asiyejua Maandiko unampita. Aliyeuandika alikuwa mtawa, Mfransisko kisha Mbenediktini, msomi wa Kigiriki, daktari wa hospitali mjini Lyon. Huyo si muuza samaki aliyeokota kalamu.

Kanivali yenyewe mnaijua: siku za nyama kabla ya Kwaresima, barakoa, mfalme wa mchezo, dunia miguu juu. Tusikawie.

Kinachonikera ni hili neno "dhidi". Kicheko cha watu dhidi ya Kanisa, eti. Sikukuu ya Wapumbavu, sherehe ya mizaha ya mwanzo wa mwaka, iliendeshwa na makasisi wenyewe, wale wa ngazi ya chini, humo humo kanisani. Walimu wa teolojia wa Paris walipoilaani mwaka 1445, walitaja utetezi wake: pipa la divai lisipofunguliwa mara moja moja lipate hewa, litapasuka. Kwa hiyo hata ile hoja ya kwamba watu huachiwa wapumue ili wasiasi haikubuniwa na profesa yeyote wa juzi. Mtani wako akijilaza kaburini kuzuia maziko mpaka alipwe, mbona hamuandiki kwamba ni mapinduzi?

Halafu kuna mji mdogo wa Romans, Ufaransa, Februari 1580. Mafundi na wakulima walikuwa na manung'uniko ya kodi, na kiongozi wao alikuwa Paumier, fundi wa nguo. Kila upande ulikuwa na michezo yake ya kanivali na wafalme wake wa mchezo. Katikati ya sherehe, wakubwa wa mji, wakiongozwa na jaji Guérin, walimuua Paumier na kuwasaka wenzake. Sehemu kubwa ya habari hii tumeachiwa na upande ulioua, kwa hiyo isomeni jicho moja likiwa wazi. Na Roma, Wayahudi walikimbizwa mbio wakati wa kanivali huku umati ukiwazomea. Hicho nacho kilikuwa kicheko cha watu.

Najua mtanitupia Bakhtin, mhakiki Mrusi ambaye hoja ya kicheko cha kanivali imetoka kwake. Nampenda, na nisingekuwa na kazi hii bila yeye. Alitetea tasnifu yake juu ya Rabelais mjini Moscow mwaka 1946, kitabu kikatoka 1965. Sherehe isiyo na jukwaa wala watazamaji, tusi linalozika na kuzalisha kwa pamoja: hakuna aliyeyaeleza vizuri zaidi. Ila mimi mwenyewe huyumba. Kuna usiku nikimsoma siioni Lyon hata kidogo. Namwona mtu wa zama za Stalin, aliyekwisha kuonja uhamisho, akitamani soko ambalo mtu angeweza kucheka kwa sauti. Darasani huwa siyasemi haya, maana mtihani unataka jibu moja.

Turudi Paris. Waliookoka mafuriko wanapanda kilima cha chuo kikuu, wanahema, wanatema mate, wameloa chapachapa. Wanaapa kwa majina ya watakatifu, kisha wanasema wameogeshwa *par rys*, kwa kicheko, na ndipo mji ukaitwa Paris. Anayekipa kisa jina lake la kuchekesha ni yule yule aliyekojolewa. Sasa nionyesheni hapo, kwa aya moja, maskini ni yupi na tajiri ni yupi.