Nil Si ya Mtu Aliyekatwa PAYE

"Dada, nibonyezee nil tu, mwajiri ameshanikata." Sentensi hii nimeisikia kwa walimu, kwa wauguzi, kwa mabawabu, hata kwa meneja wa hoteli mwenye shahada mbili, na kila Juni, mwezi wa mwisho wa kufaili ritani za ushuru, inarudi mpya kana kwamba haijawahi kujibiwa. Wiki hii imetoka kinywani mwa mtu ambaye nil ya mwaka juzi ilishamtia hasarani, na alikuja kuniomba nyingine. Basi leo naijibu kwa kirefu, na atakayeniletea tena nitamtumia kiungo cha makala hii asome akiwa kwenye foleni.

Ritani ya nil ni tamko. Unaiambia KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kwa PIN yako (namba yako ya ushuru) na kwa jina lako, kwamba tangu Januari mosi hadi Desemba 31 hukupata hata shilingi moja kutoka popote. Hapana mshahara, hapana biashara, hapana kodi ya nyumba, hapana kibarua. Haisemi kwamba hudaiwi. Mwalimu aliyelipwa kila mwezi na kukatwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kila mwezi huenda kweli hadaiwi hata senti, lakini ritani yake halali ina mshahara wa mwaka mzima, ina PIN ya mwajiri, ina ushuru uliokatwa, ndipo hesabu inapoishia kwenye sufuri au jirani yake. Sufuri hiyo imepatikana kwa kujumlisha na kutoa. Ukiruka kurasa zote ukabonyeza nil, umekana mshahara wako mwenyewe.

Na umemkanusha mwajiri pia. Yeye hupeleka orodha yake kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ndani yake kuna PIN yako na kiasi ulicholipwa. Kwa hiyo katika mtambo mmoja kuna maneno mawili yanayopingana juu ya mtu mmoja, na mwajiri ndiye mwenye hati za malipo.

Sasa niseme jambo ambalo mawakala wenzangu wa ushuru hawapendi kulisema mbele ya wateja. Kwa mtu mwenye ajira moja tu, aliyekatwa sawasawa, nil ya uongo mara nyingi haimletei adhabu ya kumtoa machozi. Adhabu kubwa ya sheria, ile ya asilimia 75 kwa aliyedanganya kusudi na 20 kwa mengineyo, hupigwa juu ya ushuru uliopungua, na kwake hakuna uliopungua. Ndiyo maana imani hii haifi. Watu walibonyeza, hakikutokea kitu, wakamwambia jirani. Nikiwatisha kwa jela nitakuwa muongo. Hasara yao huja kwa mlango mwingine, na mara nyingi huja kimya.

Chukua kijana aliyefanya kazi Januari hadi Juni, mshahara wake wa kutozwa ushuru ukiwa 50,000 kwa mwezi, kisha kandarasi ikaisha akakaa nyumbani. Kila mwezi mwajiri alimpigia hesabu kana kwamba atalipwa hivyo hivyo mwaka mzima: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa 25, zilizobaki kwa 30. Kabla ya nafuu ya kibinafsi, kile kiasi ambacho kila mtu hupunguziwa ushuru wake, hiyo ni kama 9,783 kwa mwezi, karibu 58,700 kwa miezi sita. Lakini ushuru wa mapato ni wa mwaka. Jumla yake ni 300,000, na ngazi ya asilimia 10 kwa mwaka hubeba 288,000. Ni 12,000 tu zinazoingia kwenye 25. Hesabu ya mwaka inatoka 31,800. Tofauti ni kama 26,900, na hapo bado hatujaigusa nafuu. Pesa hizo ni zake, na dirisha la kuzidai ni miaka mitano. Kwa nil aliyopigiwa saiba, duka la intaneti, kwa shilingi mia, ametamka kwamba hakuwahi kulipwa, hivyo hana cha kurudishiwa. Nimewaona wengi wa namna hii, vijana wa kandarasi za hoteli za msimu hasa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa.

Waliobadilisha kazi katikati ya mwaka wana P9 mbili, yaani hati ya mwaka ya mshahara na makato kutoka kwa kila mwajiri, na zote mbili huingia. Waliokuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, na kila mmoja akawapa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, wao watadaiwa. Nafuu ni moja kwa kila mtu, 28,800 kwa mwaka. Nakwenda mbio hapa kwa sababu kosa hili huonekana lenyewe ukijaza fomu kwa ukweli.

Linaloniudhi zaidi ni mapato ya pembeni. Daktari wa hospitali anayetoa ushauri kliniki nyingine Jumamosi, mhadhiri anayeandika ripoti za mashirika, mkalimani, mpiga picha. Aliyemlipa amezuia asilimia 5 akaipeleka KRA, basi mteja wangu ananiambia "huo ushuru nishalipa." Hujalipa, bwana. Umetanguliza. Hiyo asilimia 5 ni rubuni, na bei kamili itajulikana mapato yote ya mwaka yakishawekwa pamoja. Kama mshahara wako umeshafika kwenye ngazi ya 30, basi kile cha Jumamosi nacho kinatozwa 30 baada ya gharama zake, na ile 5 unaitoa kama ulichotanguliza. Cheti cha makato hayo kimo kwenye akaunti yako ya iTax, mtandao wa KRA, kina jina lako, kina tarehe. Anayefaili nil akiwa na vyeti vitatu vya aina hiyo amejiandikia mashtaka. Kwa huyu ushuru umepungua kweli, na zile asilimia nilizozitaja zina pa kushika.

Kuna na wale wa "biashara yangu haifiki milioni." Ni kweli, ushuru wa mauzo wa asilimia 3 huanza kwa anayeuza zaidi ya milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka. Ukiwa chini ya milioni umeepuka ushuru huo mmoja. Faida yako inabaki kuwa mapato, unaitamka kwenye ritani ya mwaka, na ikiwa ndogo nafuu ya kibinafsi itaifuta yote. Hapo tena sufuri ya hesabu, si nil. Mwenye vyumba vya kupangisha, ikiwa kodi anayokusanya iko kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ana asilimia 7.5 ya kulipa kila mwezi kufikia tarehe 20, juu ya kodi yote bila kutoa gharama. Rangi na bomba hazihesabiwi. Sitarudia.

Tukikutana mawakala, mazungumzo huishia kwenye gharama ambazo wateja wametaka tuziandike. Karo ya watoto ndiyo ya kawaida, mbuzi wa Idi anafuata. Mwenzangu wa Malindi alipata mzee mwenye duka aliyetaka mahari ya mke wa pili iingie kama upanuzi wa biashara, kwa hoja kwamba bibi mpya ndiye atakayekaa kaunta. Tulicheka hadi chai ikapoa. Lakini mzee yule angalau alikuja na vitabu vyake vyote na akauliza kabla ya kuandika, na mimi mteja wa namna hiyo nampenda. Anayenipa kazi ni yule mwenye kikapu cha risiti za mkono za 2024, wakati tangu Januari mosi ya mwaka huo gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa mambo machache kama mishahara. Ukinunua mazao kwa mkulima mdogo asiye na eTIMS, sheria sasa inakuruhusu wewe mnunuzi kuitoa ankara. Watu hawalijui hili na linawaokoa.

Upande wa pili wako waoga. Mama mmoja alitaka kutamka kila shilingi iliyoingia M-Pesa yake kama mapato, pamoja na michango ya arusi aliyokuwa mweka hazina wake. Pesa kuingia kwenye simu hakuifanyi kuwa mapato. Mkopo si mapato, zamu ya chama si mapato, pesa ya kaka ya kumlipa fundi si yako kabisa. Tatizo ni kwamba KRA ikichambua akaunti ikakuuliza, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Nilikaa na mama yule na stetimenti na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, na kilichobaki kikawa kidogo kuliko nusu. Angekuwa na Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya biashara, kando na laini ya familia, kazi hiyo tungeimaliza kabla ya adhuhuri.

Waliokwisha kupigiwa nil huniuliza kama warekebishe. Inawezekana, ndani ya miaka mitano. Kama kuna ushuru uliopungua utalipa huo, na adhabu, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Hapa ndipo mteja mmoja alinibana nikakosa la kumnyamazisha. Msamaha wa Septemba 2023 hadi Juni 2024 ulifuta adhabu na riba za hadi mwisho wa 2022 kwa aliyelipa ushuru wenyewe. Ukaja mwingine Desemba 2024 hadi 30 Juni 2025, ukasogeza hadi mwisho wa 2023. "Mimi nilirekebisha mapema kwa ushauri wako, nikalipa yote," akasema. "Ndugu yangu alingoja akasamehewa. Kwa nini nisingoje wa tatu?" Nilimwambia riba inapanda wakati anangoja na hakuna aliyemwahidi wa tatu. Jibu ni sahihi, lakini halimtendei haki, na moyo wangu ulikuwa upande wake.

Na wako watu wetu walio Ghuba. Dada yuko Riyadh, pasiwadi yake ya iTax iko na mdogo wake Kisauni, na mdogo anataka nil. Pesa anazomtumia mama si mapato ya mama, hilo halina utata. Mshahara wenyewe ndio wenye utata. Sheria inamwita mkaazi mtu yeyote mwenye makao ya kudumu Kenya aliyekuwepo nchini muda wowote ndani ya mwaka, na mkaazi hutozwa mshahara wake hata kama kazi ameifanyia nje. Aliyekuja wiki tatu za Idi anaweza kuwa ameshaingia humo. Mshahara wa mwaka usiozidi 288,000 nafuu huufuta ushuru wote, kwa hiyo wengi hawatalipa kitu wakitamka. Aliyezidi hapo, nawajua mawakala wenye uzoefu kunishinda wanaomwandikia nil bila kusita. Kwa maandishi ya sheria siwezi kuwafuata, na kumwambia mtu aliyefua nguo za ugenini miaka miwili kwamba anadaiwa, ulimi wangu huwa mzito. Ninachofanya ni kuomba picha ya mihuri ya pasipoti, kuhesabu siku, na kumpigia mwenyewe simu, si mdogo wake.

Mwisho, barua pepe. Nusu ya foleni ya tarehe 30 Juni hukwama hapa: PIN ilifunguliwa saiba miaka hiyo, mhudumu akaweka anwani yake, sasa pasiwadi mpya inakwenda kwa kijana aliyehamia Nairobi. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, iliyo kubwa, na haingoji umtafute. Nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, mwezi wa pili na kitambulisho chako, ukabadilishiwe anwani iwe yako, kisha uje kwangu na P9.